Takataka Zako Zina Risiti

Kabla hujasoma zaidi, omba taarifa ya miamala ya mwezi uliopita kwenye simu yako. Ikifika, ruka kodi ya nyumba, ruka karo, ruka pesa uliyotuma nyumbani. Hizo unazikumbuka hata ukiamshwa usiku wa manane. Teremka kwenye zile ndogo ndogo: hamsini hapa, thelathini pale, mia na ishirini kwa till namba ambayo hata jina la duka lenyewe huna habari nalo. Kwa kila moja jiulize swali moja tu: kile nilichonunua, saa hii kiko wapi?

Mahamri na mbaazi zimeliwa, hapo hakuna kesi. Lakini chupa ya maji ya tarehe tatu iko mahali. Pengine iko kwenye mtaro kule Barani, pengine jalalani, pengine mawimbi yanaichezea pale Silversands. Ulilipia maji, ukanywa kwa dakika tano, na chupa ikabaki. Itakuwepo wakati simu uliyolipia ishakufa na umenunua nyingine tatu.

Kazi yetu sisi ni malipo, na mtu ana haki ya kutuuliza tunaingiliaje mambo ya pipa la taka na sahani ya chakula. Tunaingilia kwa sababu karibu kila kitu kinachotupwa kilinunuliwa kwanza. Na siku hizi, kuanzia Mambrui, Malindi na Watamu mpaka Kilifi na Mtwapa, ununuzi mwingi unapitia kwenye simu, kwa hivyo umeacha alama. Zamani mtu akitaka kujua pesa yake imekwenda wapi ilibidi akune kichwa. Wewe umeandikiwa, tena na tarehe, saa na dakika.

Ofisini tulilifanya zoezi hili sisi wenyewe kabla ya kukuletea. Tulikaa wanne mezani, kila mtu na simu yake na kalamu nyekundu. Sheria ilikuwa moja: usimwangalie mwenzako, zungushia tu kila muamala ulioishia kwenye pipa la taka au kwenye kitu ambacho daktari angekukatia jicho. Dakika kumi za kwanza zilikuwa za kicheko. Baadaye meza ilinyamaza kidogo, na tutakuambia kwa nini.

Chupa 312

Tuanze na maji, kwa sababu ndiyo yaliyoongoza kwa wote wanne. Joto la Malindi unalijua. Ukitoka stendi mpaka Shella kwa miguu saa saba mchana, chupa baridi kwenye friji ya duka inakuita kwa jina.

Tuseme chupa ya nusu lita unainunua kwa bob 50, kila siku ya kazi, Jumatatu mpaka Jumamosi. Siku 26 kwa mwezi ni shilingi 1,300. Kwa mwaka ni shilingi 15,600 na chupa tupu 312. Hiyo pesa peke yake inatosha kumfanya mtu akae vizuri kitini. Lakini hesabu iliyotushtua zaidi ni ya maji yenyewe. Nusu lita mara 312 ni lita 156. Hayajazi hata mitungi minane ya lita 20! Nenda pale unapojazia maji safi ya kunywa mtaani kwako, uliza bei ya kujaza mtungi mmoja, zidisha kwa nane, halafu toa kwenye 15,600. Kinachobaki hukukilipia maji. Umelipia plastiki, friji ya mwenye duka, na uvivu wa kubeba chupa kutoka nyumbani.

Chupa ya chuma au ya plastiki ngumu, ile ya kutumia miaka, inajilipa yenyewe ndani ya mwezi mmoja au miwili. Na kama nyumbani mnachemsha maji, mtungi wa udongo bado unauzwa na bado unapoza maji bila stima. Bibi zetu hawakuuita utunzaji wa mazingira. Waliuita mtungi.

Kwa sisi wa Pwani jambo hili lina uzito ambao mtu wa bara huenda asiuone. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na wengi tunakumbuka zile wiki za kwanza watu wakitoka dukani na nyanya zimefungwa kwenye leso. Kisha tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja na kutupa haziruhusiwi ndani ya maeneo yanayolindwa, na hapa kwetu hiyo ina maana ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, ambazo zimelindwa tangu 1968. Yaani ile chupa yako ya bob 50, ukiipeleka pikiniki ndani ya hifadhi, unavunja sheria.

Na taka si zetu peke yetu. Mto Sabaki unaoingia baharini kaskazini mwa mji wa Malindi ni ule ule unaoitwa Athi huko juu na Galana katikati, na Mto Nairobi unamwaga maji yake humo. Chupa iliyotupwa mtaroni Nairobi ina njia ya maji mpaka mlangoni kwetu. Hili huwafanya watu wengine kusema, kwa nini nihangaike mimi na chupa yangu moja wakati nyingine zinashushwa na mto? Tunaielewa hasira hiyo. Lakini zile 15,600 hazishushwi na mto. Zinatoka mfukoni mwako.

Wapo waliofanya kazi na taka hizi badala ya kuzilalamikia tu. Pale Watamu, Watamu Marine Association wana kituo cha EcoWorld ambako plastiki inayookotwa ufuoni huchambuliwa na kusagwa ili itumike tena. Lamu, mafundi walijenga jahazi zima la Flipflopi kutokana na plastiki iliyookotwa, ndara kuukuu zikiwemo. Walilishusha majini 2018, na mapema 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Ni kazi ya kujivunia. Ila ukiwatazama watu wanaookota ufuoni asubuhi wakiwa wameinama na magunia, utajua kwamba kuokota ni kazi ngumu kuliko kutonunua.

Sukari na dawa kwenye ukurasa mmoja

Sasa ile meza kunyamaza. Mwenzetu mmoja, tunamsimulia kwa ruhusa yake, kila tarehe tano hutuma pesa ya dawa ya kisukari kwa mama yake kule Ganze. Muamala huo aliuona, akauruka, kwa sababu si taka. Lakini kalamu nyekundu ikaendelea kuzungushia: soda, soda, soda, keki ya pakiti, soda. Juu pesa ya dawa ya sukari, chini pesa ya sukari yenyewe, ukurasa ule ule. Hakuna aliyemwambia kitu. Aliigeuza karatasi akaweka kifuniko cha kalamu juu yake, na baada ya muda akasema kwamba mama pia alipenda soda.

Hesabu za sukari si siri. Soda ya kola ya mililita 300 ina takriban gramu 32 za sukari, yaani kama vijiko vinane vya chai. Ile ya nusu lita inapita gramu 50, vijiko kumi na vitatu hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana ishuke chini ya 25. Kwa hivyo soda moja ya nusu lita imemaliza siku nzima, na hujagusa chai ya asubuhi. Na chai ya Pwani unaijua, kijiko kinasimama.

Hatusemi usinywe soda tena maishani. Mtu asikudanganye kwamba tabia hubadilika kwa kuapa. Tunasema angalia ni siku gani unanunua na saa ngapi, kwa sababu taarifa inakuonyesha. Mwenzetu huyo aligundua kwamba soda zake karibu zote ni za saa kumi jioni, zikilipwa kwa duka moja lililo mlangoni mwa ofisi. Saa kumi si saa ya kiu. Ni saa ya uchovu, na ya kutafuta kisingizio cha kutoka nje. Siku hizi bado anatoka nje, ila anavuka barabara na kununua dafu. Dafu nalo lina sukari yake ya asili, lakini kidogo kuliko soda, na ganda lake likioza linarudi kuwa udongo.

Na kama ni lazima iwe soda, basi iwe ile ya chupa ya glasi, unywe hapo hapo dukani, uirudishe kwenye kreti. Ni ajabu kwamba jambo tunalohubiriwa leo kama mpya, chupa inayorudi kiwandani ikaoshwa na kujazwa tena, muuza duka wa Majengo amelifanya miaka yote bila semina.

Mwiku

Chakula ni habari ndefu zaidi, na kwenye taarifa kinajificha, kwa sababu unaona tu umenunua mchele, nazi na samaki. Huoni kilichomwagwa.

Waswahili wana jina la chakula kilicholala: mwiku. Kuwa na jina ni ushahidi kwamba kilitarajiwa kuliwa. Wali wa jana na chai asubuhi, sima ya jana iliyokaangwa, samaki wa jana akatiwa ukwaju akawa mchuzi mpya. Siku hizi kuna watu wanaona mwiku ni dalili ya umaskini, kisha asubuhi wanalipa bob 150 kwa kifungua kinywa kilichofungwa kwenye karatasi na plastiki. Kila mtu na roho yake, lakini sisi hatuioni fahari iliyopo hapo.

Ila tuseme ukweli wa upande wa pili pia, kwa sababu ni wa afya. Wali wa nazi na joto letu hawapatani. Ukiachwa sufuriani usiku kucha mezani huchacha, na hata wali mkavu usio na nazi ukikaa kwenye joto muda mrefu unaweza kuota bakteria ambao sumu yao haitoki kwa kupashwa moto. Ukiwa na friji, utandaze upoe upesi, uingize ndani usiku ule ule. Kama huna friji, dawa si kula kilichochacha kwa kuogopa hasara. Dawa ni kupunguza kikombe kimoja cha mchele. Mwanamke mmoja anayepika chakula cha kuuza karibu na soko Kilifi alituambia kwamba anatumia simu yake kwa hili: anahesabu malipo ya mchana yaliyoingia kwenye till yake, siku kwa siku, na mchele wa Ijumaa anaupima kwa kuangalia Ijumaa zilizopita. Tulikwenda kumfundisha jinsi ya kutumia till. Tukaondoka tumefundishwa.

Nazi yenyewe haikutupwa hata kidogo katika nyumba zilizotulea. Tui kwenye wali, machicha kwa kuku, kifuu jikoni au kikawa upawa, makumbi yakawa kamba au kuni, makuti paa. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba kuishi bila taka ni mtindo wa wageni wa Watamu wenye mifuko ya kitani, mwonyeshe mnazi. Hapo hapo ukumbuke pia kwamba pakiti ya tui la dukani haina machicha, haina kifuu, ina sanduku tu. Ni rahisi kwa mtu anayefika nyumbani saa mbili usiku, hilo hatukatai, na sisi pia tunalinunua. Lakini lihesabu.

Halafu kuna maembe. Msimu ukishika, kuanzia mwisho wa mwaka, Kilifi nzima inanukia embe na bei inaanguka mpaka mengine yanaozea chini ya mwembe. Ndio wakati wa kula tunda badala ya biskuti, na ndio wakati wa kuanika. Embe lililokatwa vipande na kukaushwa vizuri linakaa miezi. Wale mnaouza achari mnalijua hili kuliko sisi.

Kadogo si ujinga

Hapa tunataka kutofautiana na makala nyingi za akiba. Huwa zinamwambia msomaji anunue kwa wingi: mafuta lita tano, unga bandali nzima, sabuni katoni. Ni ushauri mzuri kwa mwenye mshahara. Lakini mvuvi wa Mayungu ambaye kusi ikivuma chombo hakitoki, au kijana wa tuk-tuk anayepeleka hesabu kwa mwenye gari jioni, hana pesa ya lita tano. Ananunua mafuta ya bob 30 kwa sababu leo ana bob 30. Kadogo si ujinga, ni kipato cha siku.

Kuna njia mbili za kununua kidogo, hata hivyo. Moja ni pakiti ndogo ndogo za plastiki za sabuni, majani ya chai na viungo. Hizo ukilinganisha kwa gramu mara nyingi ni ghali kuliko pakiti kubwa, na zikiisha hazina mnunuzi. Wanaokusanya plastiki ya kuuza kwa kilo huokota chupa na mitungi iliyovunjika, lakini kipakiti cha viungo wanakiacha kilale mchangani. Njia ya pili ni ile ya kupimiwa: mafuta kwenye chupa yako, maziwa kwenye mashine ya kupimia, sukari na maharagwe kwenye mkebe ulioutoa nyumbani, au dagaa na simu wakavu kwenye kikapu cha ukili. Simu samaki, si hii ya mkononi. Pesa ni ile ile, kiasi ni kile kile, ila hakuna cha kutupa. Muuzaji hakatai, wengine hata wanafurahi kwa kuwa vifungashio vinawagharimu.

Kwa wenye kipato cha msimu kuna jambo moja zaidi. Kaskazi ikiwa nzuri na samaki ni wengi, tenga kiasi kwenye akiba ya simu mahsusi kwa miezi ya kusi. Mtu mwenye elfu mbili tatu zilizofungwa hununua unga wa wiki nzima wakati wa dhiki, badala ya kununua wa leo tu kwa bei ya leo. Afya ya mezani huanzia hapo pia, maana dhiki ikibana kinachokatwa kwanza huwa ni mchicha na samaki, na kinachobaki ni sima na chumvi.

Upande wetu sisi

Itakuwa si haki tukizungumzia soda ya mwenzetu bila kusema lolote kuhusu simu. Kulipa kwa simu hakuumi kama kutoa noti. Ukiwa na mia mbili taslimu na ukalipa hamsini, unaona zimebaki mia na hamsini. Ukilipa kwa simu unaona ujumbe, unaufuta, unaendelea na safari. Urahisi huo ndio tunaouuza, na ndio huo huo unaoficha chupa 312.

Kwa hivyo haya tunayokupa hayatuletei faida kubwa. Usitoe pesa kwa wakala vipande vipande. Ada inakatwa kila unapotoa, na mtu anayetoa mia mbili mara tano kwa wiki analipa mara tano kwa kitu ambacho angelipia mara moja. Usilipie kitu cha kutupwa kwa mkopo wa simu. Soda ya mkopo ina ada juu ya sukari. Na ukiacha kununua kitu, ile pesa isiachwe kwenye salio la kawaida, kwa sababu jioni itakuwa imekwenda kwingine. Ihamishe saa ile ile kwenye akiba yako na uipe jina. Mwenzetu wa dafu ameipa yake jina la mama.

Usijaribu kubadilisha yote mwezi mmoja. Chagua mstari mmoja kwenye taarifa, ule uliojirudia zaidi, uache huo tu kwa siku thelathini, halafu uombe taarifa nyingine uzilinganishe. Miongoni mwetu wanne, wawili wameacha chupa za maji kabisa, mmoja amepunguza, na wa nne anasema friji ya lile duka bado inamshinda akipita Ijumaa.

Taarifa unaiomba kwenye menyu ya simu yako au kwa wakala aliye karibu, na ikija kwa baruapepe hufunguliwa kwa nenosiri tunalokutumia kwa ujumbe. Ina majina ya watu unaowatumia pesa na kiasi unachowatumia, kwa hivyo usiisambaze kwenye grupu la familia ili kuonyesha umeacha soda. Na mtu akikupigia akijiita wa huduma kwa wateja, akataka umtajie nenosiri hilo au nambari yako ya siri ili akusaidie kuisoma, kata simu.